Mistari Minne ya Fundi

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili na nilijua kupiga chapa kwa vidole vyote kumi. Hayo mawili ndiyo yaliyonipatia kazi katika kampuni ya kununua kokoa na mpunga pale Kyela mjini, miaka ile wanunuzi binafsi walipokuwa wameruhusiwa na kila msimu ukaona mzani mpya unafungwa kwenye kibaraza cha mtu. Zamani mkulima alikuwa na mlango mmoja wa kupeleka mazao, mlango wa ushirika. Sasa milango ilikuwa mingi, na kila mlango ulikuwa na haraka yake.

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta tatu ambazo hazikujuana. Ya kwanza ilikaa ghalani, na programu yake ilitumwa kutoka makao makuu kwenye disketi. Hiyo ilijua magunia: kokoa ipi ianikwe tena, rundo lipi lihamishwe, turubai lipi lishonwe. Ya pili tuliachiwa na mradi uliofunga shughuli zake, pamoja na magari mawili na boti. Hiyo ilijua magari na boti, na ilikumbusha matengenezo. Ya tatu ilikaa mezani kwa meneja, na humo aliweka maagizo yote yaliyoingia kwa barua, kwa simu na kwa redio upepo. Kila moja ilitoa kazi zake asubuhi bila kuuliza wenzake wamesema nini. Siku moja lori liliagizwa kuchukua mpunga Ngonga, wakati kompyuta ya pili ilikuwa imesema tangu juzi kwamba lori hilo lisitembee, breki zake mbovu. Lilisimama kwenye tope likingojewa na wakulima siku nzima.

Meneja wetu alikuwa mtu wa pwani, mswalihina, mpole hata akikasirika. Jioni ya siku hiyo aliniita.

"Bibie," alisema, "hii nyumba ina wake watatu, na kila mmoja anampangia mume kazi asubuhi kivyake. Mume huyo atafika wapi? Nataka kazi zote zikae mahali pamoja."

Mama wa ghala, aliyekuwa anapita na kitabu chake cha hesabu ya magunia, alijibu kabla yangu. "Mume huyo kwanza aulizwe nani alimtuma kuoa watatu."

Nilipewa kazi hiyo mimi. Akaletwa mtaalamu kutoka Mbeya, mwanamama wa miwani, akanifundisha kwa siku mbili namna ya kutengeneza jedwali na namna ya kuhamisha orodha kwa disketi. Programu ya ghala ilikubali disketi. Ya magari haikukubali, ilitaka kuchapa tu, kwenye ile karatasi ndefu yenye vitundu pembeni, nami nikaichapa upya mstari kwa mstari. Ya meneja niliinakili kwa mkono, kwa sababu hakupenda mtu mwingine aguse kicharazio chake. Nikaunganisha yote kwenye jedwali moja, katika kompyuta ya magari, ambayo ndiyo iliyokuwa mezani kwangu.

Niliamua mambo mawili mwenyewe, na nayaeleza kwa sababu ndimo kosa langu lilimopita. La kwanza, nilipanga kazi kwa majina ya watu. Mtaalamu alikuwa amesema kila kazi iwe na mwenyewe, basi nikaona ni vizuri mtu akisoma karatasi aone jina lake, na chini ya jina kazi zake zote, ziwe zimetoka ghalani au kwenye boti. La pili, kila kazi niliyoihamisha niliiwekea alama kule ilikotoka kwamba imeshachukuliwa, ili isije ikarudi kesho yake na kuonekana mara mbili. Kwa hiyo kazi ikishaingia kwangu, ilikuwa kwangu tu. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani ilipoandikwa.

Kila alasiri nilichapa karatasi ya kesho na kuibandika ukutani, karibu na mzani. Ya siku iliyopita niliitia kwenye faili. Wiki ya kwanza watu walisimama mbele yake wakicheka.

"Dada, nimefaulu?" nahodha wa boti aliniuliza dirishani. "Nimechaguliwa sekondari gani?"

"Umechaguliwa kupakia magunia arobaini Matema."

"Bora ningefeli."

Lakini ndani ya mwezi hakuna aliyecheka. Karatasi ilifanya kazi. Lori halikusimama tena njiani, na makao makuu waliomba nakala ya jedwali langu. Nilitembea mjini nikijiona mtu. Kitu kimoja sikukiona wakati huo. Zamani nahodha kabla ya kwenda Itungi bandarini alipitia kwenye banda la fundi, akaketi juu ya gurudumu, akauliza, "Boti inasemaje?" Fundi akamjibu. Sasa nahodha alisoma ukuta, akaondoka.

Fundi alikuwa mtu wa Ngonga, wa makamo, mzee wa kanisa, mwenye sauti ndogo kwa mwili wake. Kompyuta hakuipenda wala hakuichukia. Kila Alhamisi alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, akaja kusimama nyuma ya kiti changu kunitajia kazi zake, kwa sababu hakutaka kugusa vitufe kwa mikono yake. Aliniita binti.

Alhamisi ninayoisema alinitajia nne.

"Andika, binti. Lori dogo, plagi. Lori kubwa, oili. Pampu ya maji ya ghala, kamba imelegea. Ya nne uiandike kwa herufi kubwa."

"Ipi, Fundi?"

"Boti. Mpira unaopitisha mafuta kwenda kwenye injini umepasuka. Nimeufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, lakini huo ni wa kusogeza boti gatini tu. Mpira mpya unakuja Jumatatu kutoka Mbeya. Boti isitoke mpaka nibadilishe. Umeandika isitoke?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikamsomea. BOTI ISITOKE. Akasema ndaga, ambayo kwa Kinyakyusa ni asante, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi karatasi hiyo ilikuwa ukutani na mistari yake minne. Saa nne ikaja habari kwamba mama yake fundi amefariki. Alikuwa anaumwa muda mrefu. Fundi alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya sanduku la spana, akapanda baiskeli kwenda Ngonga. Adhuhuri ofisi nzima tulimfuata kwa lori. Kwetu msiba si wa mwenye msiba peke yake. Wanaume walikuwa wamekaa kando kwenye mikeka na majani ya migomba, wanawake ndani na barazani, na fundi katikati ya wanaume, ameinama. Mtu aliyefiwa na mama haulizwi kazi. Hata akikudai wewe, au wewe ukimdai yeye, neno la kazi halivuki ua wake mpaka matanga yaishe.

Tulirudi alasiri, nikakaa kuandaa karatasi ya Jumamosi. Mama wa ghala alisimama mbele ya ukuta akiisoma ile ya Ijumaa, mikono kiunoni.

"Wewe binti, hili jina bado lipo hapa?"

"Lipo, mama. Hajamaliza kazi zake."

"Hajamaliza!" Aliwageukia wapakiaji. "Mmesikia? Mtu mama yake hata hajazikwa, huku anadaiwa kazi ukutani, kila mpita njia asome. Kwenu mmefundishwa hivyo?"

Wapakiaji walisikitika kwa sauti. Mmoja akasema, "Ndiyo kompyuta hiyo. Haina mama."

Nilipata aibu mpaka masikio yakawaka. Kwetu si Dar es Salaam, na mimi pia nilikuwa na mama. Nikarudi kwenye jedwali, nikatafuta jina la fundi, nikalifuta. Jina lilipofutika, na mistari minne iliyokuwa chini yake nikaifuta, kwa maana mistari isiyo na mwenyewe ingekaa vipi? Nilijiambia nitairudisha akirudi. Nikachapa karatasi safi, nikaibandika, nikamwona mama wa ghala anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijisikia nimefanya jambo la utu. Sikumbuki kama macho yangu yalipita juu ya zile herufi kubwa nilipokuwa nazifuta. Nimejiuliza sana. Lazima yalipita.

Jumamosi ni siku ya soko Lyulilo, ufukweni jirani na Matema. Nahodha, aliyekuwa Itungi tangu Alhamisi na hakuiona karatasi ya Ijumaa, alisoma ile mpya Ijumaa jioni alipotoka msibani, akaona boti haina neno, na alfajiri akaondoka Itungi na watu wawili kwenda kuchukua kokoa kule.

Sasa nasema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Jumamosi ile sikuwa na zamu. Nilikuwa nyumbani nafua. Jua lilikuwa limeshapanda, nasuuza shuka, nikaukumbuka ule mpira. Haukunijia kidogo kidogo, ulinijia wote kwa mara moja, na sauti ya fundi, nisomee. Boti wakati huo ilikuwa imefunga Lyulilo inapakia, na isingeondoka kabla ya saa saba. Wakala wetu wa Matema alikuwa na redio upepo. Ofisi ilikuwa wazi mpaka saa sita, na kutoka kwangu mpaka ofisini ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Ningefika, ningemwambia meneja, naye angepiga redio, na mtu angekimbia kutoka kwa wakala mpaka ufukweni.

Ila ningepaswa kumwambia meneja kwa nini karatasi haikusema. Nilisimama na shuka mkononi, maji yanachuruzika. Nikajiambia nahodha ni mtu mzima, anaijua boti yake. Nikajiambia jana walikaa pamoja msibani, lazima fundi amemwambia. Nilijua kabisa kwamba fundi hakuwa mtu wa kuzungumza injini mbele ya maiti ya mama yake. Nikamaliza kufua. Nikaanika.

Boti iliondoka Lyulilo na magunia, na nahodha akampa nafasi mama mmoja wa Ikombe, Mkisi kwa kabila, mfinyanzi, aliyetaka kuleta vyungu vyake Kyela badala ya kuviuza pale sokoni kwa bei ya pale. Walipokuwa mbele ya mdomo wa mto, mwera, ule upepo wa ziwani utokao kusini, ulivuma na mawimbi yakainuka, nahodha akaongeza mafuta, na injini ikakohoa ikazima. Akaivuta kamba mpaka mikono ikachubuka. Boti ilikaa ubavu kwa mawimbi, ikajaa maji, ikapinduka. Wanaume watatu waliogelea. Yule mama alipigwa na magunia au na boti yenyewe, hakuna aliyejua. Alipatikana asubuhi ya Jumapili. Nahodha aliniambia vyungu vyake vilielea, kinywa juu, vikaenda ufukweni vizima, vyote isipokuwa viwili.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika ofisini. Nilitoa karatasi ya Ijumaa kwenye faili, ile yenye mistari minne, nikaikunja nikaitia kwenye gauni. Jioni, wakati wa kupika, niliisukuma chini ya sufuria ya wali. Iliwaka upesi, karatasi ya printa ni nyepesi. Hakuna mwingine aliyeikumbuka mistari ile, kila mtu alisoma chini ya jina lake tu.

Fundi alirudi matanga yalipoisha, kichwa kimenyolewa. Alikuwa ameshasikia. Meneja alituita sote watatu, fundi, nahodha na mimi, akafunga mlango.

"Simtafuti mtu wa kumnyonga," meneja alisema. "Nataka kujua tu. Nahodha, kwa nini ulitoka?"

"Karatasi haikuwa na kitu, mzee. Ningejua ningetoka? Nina watoto."

"Fundi?"

"Mpira ulikuwa umepasuka," fundi alisema. "Niliujua. Niliandikisha Alhamisi. Nilimtajia binti."

Wote watatu wakanigeukia. Meneja akaniuliza kwa upole, "Bibie, iliandikwa?"

Nikasema, "Kwenye mashine hakuna."

Maneno hayo matatu yalikuwa ya kweli. Mtu angefungua kompyuta zote tatu, asingekuta kitu. Niliyasema nikiwa nayatazama makunyanzi ya kitambaa cha meza, na niliyachagua. Uongo ningeushindwa. Nilikuwa mtu anayejulikana kwa kutosema uongo, na siku ile niliitumia sifa hiyo kama mtu anavyotumia panga la jirani.

Fundi alinitazama kwa muda. Nilingoja aseme, "Ulinisomea." Nadhani angesema ningeanguka pale pale nikakiri. Lakini alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kwenye chumba chenye giza, kisha akaacha kutafuta.

"Huyu binti hasemi uongo," alimwambia meneja. "Basi ni mimi. Mama alikuwa anaumwa, kichwa changu hakikuwa hapa. Labda nilikusudia kumtajia nikadhani nimemtajia."

"Inatokea, Fundi," meneja alisema.

"Imetokea," fundi alijibu.

Hakufukuzwa. Aliacha kazi mwenyewe mwisho wa mwezi, akarudi Ngonga kulima mpunga. Mimi nilibaki. Nikaongeza kwenye jedwali safu moja mpya: nani ashike kazi kama mwenyewe hayupo. Meneja aliisifu safu hiyo mbele ya wageni.

Kampuni ilifunga miaka michache baadaye, kama nyingi za wakati ule, nami nikaanza kuuza vitenge sokoni. Fundi nilikutana naye mara kwa mara siku za soko. Alinisalimia, "Mugonile," akaniuliza kama macho yangu yamepona na ule mwanga wa kompyuta. Nilisikia kwamba alikataa kugusa injini yoyote. Majirani walimletea mashine ya kukoboa iliyokufa, akawaambia watafute mtu mwingine, yeye mkono wake hauaminiki. Mtu ambaye zamani alisikiliza lori likipita barabarani akajua ni silinda ya ngapi iliyoharibika. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie. Mara ya kwanza alikuwa na mkewe, nikajipa kisingizio hicho. Mara ya pili alikuwa peke yake kabisa. Nikamuuliza bei ya mbegu.

Alifariki kwa ugonjwa wa figo. Nilikwenda Ngonga, nikakaa barazani na wanawake kwa siku tatu. Nilisaidia kupepeta mchele, nilichota maji, sikusema zaidi ya kuitikia nyimbo. Siku ya mazishi mzee wa kanisa alisoma wasifu wa marehemu. Alisema alikuwa mtu mwaminifu, na kwamba kosa moja la maisha yake alilibeba bila kumlaumu mtu. Watu waliitikia kwa kichwa. Wote walilijua kosa hilo. Mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye jeneza na miguu yangu ilikuwa mizima. Sikusimama.

Niliondoka, nikakaa nyumbani wiki tatu, chakula hakipiti. Kisha nikarudi Ngonga kwa mjane. Nilimkuta peke yake uani, anapembua mchele kwenye ungo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia kuhusu Alhamisi, kuhusu kufuta, kuhusu shuka, kuhusu karatasi niliyoichoma, kuhusu bei ya mbegu niliyomuuliza sokoni. Hakunikatiza. Mkono wake uliendelea kuchagua chuya, ukatupa moja, nyingine, kisha ukasimama.

"Alikutajia?"

"Alinitajia, mama. Akaniambia nimsomee."

"Ukamsomea."

"Nikamsomea."

Aliweka ungo chini. "Miaka yote hii aliniuliza mimi. Asubuhi tu, hata chai hajanywa: Mke wangu, niliwahi kukuambia nimemtajia yule binti? Mimi nikamjibu sijui, wewe na mambo yenu ya ofisi. Alifikiri kichwa chake kimeoza. Mtu mwenye akili zake timamu." Akanitazama. "Unakuja kuniambia mimi? Nimfanyie nini? Nimchimbue?"

"Sikuweza, mama."

"Uliweza. Sokoni ulimuuliza mbegu."

Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, nami sikujua kama niondoke. Alipotoka alikuwa anaburuta mfuko wa mchele, kama debe moja.

"Kila akivuna anapeleka huu Ikombe, kwa mume wa yule mama aliyekufa maji. Mchele mpya, kabla sisi hatujala. Mwaka huu alivuna, hakuwahi kupeleka. Wewe ndiye mwenye safari. Peleka. Na mdomo wako upeleke."

Nilikwenda Jumamosi. Gari mpaka Matema, kwa miguu mpaka Lyulilo, na kutoka pale mtumbwi, kwa sababu Ikombe milima inaingia majini na njia ya miguu ni ya mbuzi. Sokoni wanawake wa Kikisi walikuwa wanashusha vyungu, nikapita katikati yao na mfuko kichwani bila kutazama pembeni.

Mume wa yule mfinyanzi alikuwa mtu mzima sasa, mvi tupu, ameketi kwenye kigoda katika kivuli cha nyumba yake akishona nyavu. Alipoona mfuko aliniuliza, "Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki, baba."

Akaacha nyavu. "Pole sana. Wewe ni binti yake?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa naandika."

Nikamweleza. Nilieleza kwa maneno rahisi, kwa sababu mambo ya kompyuta hayakumhusu. Kwamba fundi alisema boti isitoke, kwamba nilikuwa nimeandika, kwamba niliifuta, kwamba nilikumbuka boti ingali Lyulilo na sikukimbia. Kwamba fundi hakuwa na kosa hata moja, na alikufa hajui.

Nilitegemea anipige au anifukuze. Aliuliza jambo moja tu. "Ulikumbuka ingali Lyulilo?"

"Ndiyo."

"Mke wangu alikuwa pale sokoni bado."

"Ndiyo, baba."

Watoto wa nyumba ya jirani walikuwa wanakanyaga udongo wa kufinyangia wakiimba, mama yao akawafokea wakanyage vizuri. Yule mzee alinyoosha kidole mahali fulani uani, mbele ya mlango, pasipo na kivuli.

"Alikuwa anakaa pale," alisema. "Kila mwaka. Anaweka mchele, anakaa chini, pale juani. Mimi niko hapa kwenye kigoda. Sikumpa kiti hata siku moja. Mara nyingine nilimwacha mpaka jua ligeuke, simsemeshi. Naye hakuondoka mpaka nimwambie nenda." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mwaka wa kwanza nilimtemea mate."

Nikautua mfuko miguuni pangu.

"Na mchele nilikula," alisema.

Kisha akasimama, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Akauinua ule mfuko, akaupima uzito kwa mkono, akanirudishia.

"Huu siuchukui kwako. Ubebe. Nipeleke kwake."

Tulishuka kwenye mtumbwi. Hakunisemesha mpaka Lyulilo, wala kwenye gari mpaka Kyela. Usiku ulituingilia tukalala kwa ndugu yake mjini, yeye chumba chake na mimi na wanawake wa nyumba, kwani sikuthubutu kumwacha nikaenda kwangu. Asubuhi ya Jumapili tulifika Ngonga. Mjane alikuwa ametoka kanisani, bado na kitenge cha ibada. Alipotuona njiani alisimama mlangoni.

Yule mzee hakumsalimia kwanza. Alivuka ua mpaka kaburini, pembeni mwa migomba, udongo wake bado haujakaa. Akaketi chini, juani, akanyoosha miguu. Alikaa. Mjane alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Baada ya muda alichukua kigoda barazani, akampelekea, akakiweka karibu naye. Hakukikalia.

"Baba, jua kali," mjane alimwambia.

"Najua, mama. Niache kidogo."

Mjane alirudi. Mfuko wa mchele ulikuwa bado kichwani kwangu, nimesahau kuutua. Akautua yeye, akaufungua, akachota vibaba viwili, vitatu, akatia kwenye ungo, akaketi kuupembua, kwa sababu mgeni wa mbali lazima ale.

"Mtungi hauna maji," alisema bila kuinua macho.

Nikauchukua mtungi, nikashika njia ya mtoni.